Unga wa Mwendo wa Tano

Siku Eliwaza Kitundu alipoiona elektroni ikienda kulia, unga wa zamu ya asubuhi ulikuwa umeshashonwa kwenye magunia mia tano, na malori mawili yalikuwa yakisubiri mlangoni mwa handaki.

Alikuwa na miaka thelathini na saba, mzaliwa wa Ilongamawe, saa tatu kwa gari kutoka hapo. Kwa miaka sita alikuwa mkuu wa chumba cha kutazama katika Kituo cha Nuru, kituo kilichochimbwa ndani ya kilima cha itale kaskazini ya Singida. Kiliwekwa mle kwa sababu jiwe lile halitikisiki, na kazi yao haikuvumilia mtikisiko wowote. Malori yaliwasha injini kwa saa zilizopangwa tu.

Katikati ya kilima, kwenye ukumbi mrefu usio na madirisha, ulikuwepo mtambo ambao watu wote waliuita Ungo. Mahindi ya maghala ya akiba, yaliyolowa mvua ya mwisho kabla ya ukame na kuota kuvu, yaliletwa hapo na kusagwa. Unga uliangushwa kutoka darini kama pazia jembamba, na pazia hilo likapigwa mwanga. Haukuwa mwanga wa kuunguza wala wa kupasha moto. Ulikuwa umefinyangwa wimbi kwa wimbi, na kila ulipokutana na molekuli ya sumukuvu ulizisogeza elektroni zake upande wa kushoto kabla molekuli yenyewe haijapata nafasi ya kutikisika. Elektroni zikishakwenda kushoto, pete iliyobeba ukali wa sumu ilifunguka, na haikujifunga tena. Unga ulifika chini ukiwa salama kuliwa.

Kazi ya Eliwaza ilikuwa kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyokuwa. Uzi mmoja wa mwanga wa Ungo uliletwa chumbani kwake kupitia tundu lililotobolewa kwenye mwamba. Aliuelekeza kwenye sumukuvu safi iliyovukizwa ndani ya ombwe, na nyuma yake akatuma mpigo wa pili wa mwanga, mfupi kupindukia, wa atosekunde sitini. Huo ni muda ambao hata mwanga wenyewe hauwahi kuvuka mwili wa kirusi kimoja. Mpigo wa pili ndio uliopiga picha. Akiuchelewesha kidogo alipata picha nyingine, akiuchelewesha tena alipata nyingine, na picha mia mbili zikipangwa zilimwonyesha elektroni zikihama ndani ya molekuli, kama maji yanayohamia upande mmoja wa beseni lililoinamishwa.

Kwa miezi saba zilikuwa zimehamia kushoto tu. Lakini asubuhi hiyo, kwa ombi la mkoa, Ungo ulikuwa umepandishwa kutoka mwendo wa pili hadi mwendo wa tano. Kwenye kioo cha Eliwaza, molekuli tatu katika kila elfu zilipeleka elektroni zao kulia.

Alidhani kamera ina kasoro. Akazima, akasubiri, akawasha. Akabadilisha sumukuvu ya majaribio. Alipopata tatu katika elfu kwa mara ya nne alichota unga kwenye mojawapo ya magunia yaliyoshonwa, akaupima. Pete ya sumu haikuwemo. Kilichokuwemo, kwa kiasi kidogo sana, ni molekuli ambayo ilifunguka mahali pasipotarajiwa, ikajikunja na kujifunga kwa namna nyingine. Aliitafuta katika kumbukumbu zote alizoweza kuzifikia. Hakukuwa na mtu aliyewahi kuiandika.

Aliwaambia madereva washuke, wanywe chai.

*

Mkurugenzi wa kituo alikuwa Dokta Sungi Mughwai, mtu wa miaka sitini na moja aliyewahi kumfundisha Eliwaza chuoni na ambaye bado alimsahihisha Kiswahili chake kwenye ripoti. Alimsikiliza bila kumkatiza. Kisha akataka aone picha mwenyewe, akaziona, akakaa kwenye kiti cha Eliwaza kwa muda mrefu akizirudisha mbele na nyuma.

Chanzo chake wote wawili walikitambua. Ungo ukienda kasi, vioo vyake vikubwa vilipata joto, na kilele cha wimbi la mwanga kikachelewa. Ucheleweshaji wenyewe ulikuwa atosekunde themanini, lakini kwa elektroni hizo ni nyingi. Kilele kikiwahi, zinasukumwa kushoto. Kikichelewa, zinakuwa zimeshageuka, na msukumo uleule unazipeleka kulia. Vioo vinavyovumilia joto vilikuwa vimeagizwa; vingefika baada ya miezi mitano. Kuupitisha unga mara ya pili hakungesaidia, kwa sababu mwanga wa Ungo ulifinyangwa kwa ajili ya sumukuvu, na molekuli ile mpya isingeusikia.

Dawa ilikuwa kurudi mwendo wa pili. Mughwai alichukua karatasi akaandika kile ambacho Eliwaza alikuwa ameshakipiga hesabu kichwani. Wilaya nne zilikuwa na watu laki moja na themanini elfu waliokula kutoka kituoni. Posho ilikuwa gramu mia tatu kwa mtu kwa siku, na ilikuwa imeshapunguzwa mara mbili. Madaktari walikuwa wamesema haipungui tena. Kwa mwendo wa pili Ungo ungelisha watu wawili kati ya kila watatu. Hadi jana yake pengo lilikuwa likizibwa na mtama uliohifadhiwa, na mtama huo ulikuwa umekwisha. Meli za nafaka zilitarajiwa baada ya miezi minne.

Hakuna gunia lililotoka kituoni bila sahihi ya mkuu wa chumba cha kutazama. Mughwai hakumwamuru asaini. Alimweleza tu jinsi alivyoona mambo: kwamba hatari ya ile molekuli haijulikani, huenda haipo, na hatari ya njaa inajulikana hadi idadi ya siku. Eliwaza akajibu kwamba hati anayotakiwa kusaini inasema unga hauna kitu kigeni, na unga huo una kitu kigeni. Akasema hawezi kusaini, na hawezi pia kuacha kusaini, na kwamba kilichobaki ni kuwaambia wenye kuula.

Hapo ndipo Mughwai alipobadilika sauti.

"Ukiwaambia, wataogopa hata unga mzuri," alisema. "Unajua kilichotokea kwenu."

Alikijua. Mwanzoni, kabla watu hawajauamini Ungo, uvumi ulienea kwamba mwanga ule unakausha uzazi. Huko Ilongamawe baadhi ya kaya zilirudisha magunia na kuchukua mahindi ya ghala kama yalivyo, wakayaosha, wakayapika. Wiki tatu baadaye macho yao yaligeuka manjano na matumbo yakajaa. Walikufa watu kumi na tisa. Eliwaza aliwajua sita kati yao kwa majina.

"Nakijua," alisema. "Wale walisikia uvumi kwa sababu hakuna aliyekwenda kuwaambia kitu."

Mughwai alimpa hadi kesho yake mchana. Ungo ukarudishwa mwendo wa pili. Magunia mia tano yakasukumwa kando, yakafunikwa turubai. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu kituo kifunguliwe, theluthi moja ya vijiji haikupelekewa kitu.

Asubuhi iliyofuata alipokwenda ofisini kumwambia Mughwai kwamba bado hajasaini na kwamba anaomba gari la kwenda kwa wajumbe wa vijiji, aliowaita kwa simu usiku, alimkuta amesimama mlangoni ana funguo mkononi. Alisema ataendesha mwenyewe, maana dereva akiulizwa baadaye asiwe na la kujibu. Njia nzima walizungumza juu ya vioo.

*

Wajumbe wa vijiji sitini na viwili walikusanyika kwenye banda la kiwanda cha kukamua alizeti ambacho hakikuwa kimefanya kazi kwa misimu miwili. Walikuwa kama mia tatu. Sakafu bado ilikuwa na weusi wa mafuta, na mashine zilizofunikwa viroba zilisogezwa ukutani ili watu wapate pa kukaa. Mwenyekiti wa kikao aliwaomba wasipige kelele kwa sababu wageni wana jambo la kitaalamu.

Eliwaza alikuwa ameandaa maneno. Aliyafuata mpaka mahali fulani, kisha akaona nyuso za watu waliokuwa wakisubiri afike mwisho, akayaacha. Akaeleza kwa kifupi. Mwanga wa Ungo unaivunja sumu kwa kusogeza kitu kidogo kilichomo ndani yake, kinachokimbia upesi mno. Ungo ukienda taratibu, kitu hicho kinakwenda kinakotakiwa. Ukienda kasi, kidogo chake kinakwenda upande mwingine, na hapo inazaliwa takataka mpya ambayo hajawahi kuiona mtu. Unga wa taratibu ni safi lakini hautoshi. Unga wa kasi unatosha lakini una hiyo takataka.

Mwanamume mmoja aliyekaa karibu na mlango aliuliza hiyo takataka inafanya nini mwilini.

"Sijui," Eliwaza alisema.

"Hujui kidogo, au hujui kabisa?"

"Sijui kabisa. Naweza kukuambia umbo lake na ilivyozaliwa. Mwilini sijaiona bado."

Watu wakanong'ona. Mughwai, aliyekuwa amekaa mbele, aliangalia sakafu. Mtu mwingine akauliza kama inaua upesi kama ile ya mwanzo. Eliwaza akasema haoni hivyo. Kwa umbo lake inafanana na vitu ambavyo, vikidhuru, hudhuru ini polepole, baada ya miaka kumi au kumi na tano. Akasisitiza kwamba hayo ni makisio. Aliyasema mara mbili.

Mtu mmoja akapendekeza kila mtu apewe mchanganyiko wa unga wote, ili wagawane hatari sawasawa. Mwingine akataka serikali iulizwe. Mwingine akasema yeye hata hajui kwa nini wameambiwa, bora wangepewa wakala. Mabishano yakaanza, yakaendelea kwa zaidi ya saa nzima, na Eliwaza akaanza kufikiri kwamba Mughwai alikuwa sahihi.

Kisha akasimama mwanamke mmoja aliyevaa sweta la mkono mrefu juu ya kitenge. Jina lake lilikuwa Nzitu Shango. Alikuwa karani mstaafu wa soko la vitunguu, mwenye miaka sitini na minne, na hakuwa amesema neno tangu kikao kianze.

"Kwa hiyo unga mzuri upo, ila haututoshi wote," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na ule mwingine ukidhuru, utadhuru baada ya miaka kumi."

"Kama utadhuru. Na hiyo kumi ni makisio yangu."

"Mimi nina sitini na minne. Anzeni na mtoto anayenyonya na mama yake, mpande na umri. Unga mzuri ukiishia njiani, sisi tuliobaki huko juu tule huo mwingine. Sioni kwa nini tumekaa hapa tangu asubuhi."

Akaketi. Watu wachache walicheka, kisha wakaacha. Mughwai alitoa kalamu akaanza kuandika kwenye kiganja chake, na Eliwaza, akiwa amesimama, akafanya hesabu hiyohiyo. Watoto wadogo wanakula pungufu. Unga wa mwendo wa pili, ukianzia chini, ungefika hadi watu wa miaka thelathini na mmoja. Akausema umri huo kwa sauti. Kila mtu bandani alijua papo hapo yuko upande gani, na karibu wote walikuwa upande wa juu.

Aliyepinga alikuwa mkulima wa vitunguu aliyeitwa Kingu Makala, mwenye miaka thelathini na sita. Hakupandisha sauti. Alisema ana watoto wanne, mdogo wao ana miezi mitano. Wazee wameshalea, miaka kumi kwao si kitu kikubwa. Yeye miaka kumi ijayo ndiyo miaka ambayo wanawe watakuwa shuleni. "Mnawaokoa wanangu leo," alisema, "halafu mnawaachia bila baba. Nani amehesabu hilo?"

Mwenyekiti akasubiri kwa adabu, kisha akaitisha mikono.

Eliwaza na Mughwai ndio waliohesabu, kila mmoja upande wake wa banda. Eliwaza alianzia nyuma. Alikuwa akihesabu kwa midomo, macho yakipita juu ya mikono na si juu ya nyuso, mpaka alipofika kwenye mkono ambao kidole chake cha shahada kilikuwa kimekatika kwenye kiungo cha kwanza. Alikuwa anaujua mkono huo. Baba yake, Anaeli Kitundu, alipoteza kipande hicho cha kidole kwenye mtambo wa kuchimba visima kabla Eliwaza hajazaliwa. Hakuwa amemwambia kwamba Ilongamawe imemchagua kuwa mjumbe. Alikuwa amekaa wima, akiangalia mbele, mkono juu. Hakumtazama binti yake.

Eliwaza alisimama hapo kidogo. Kisha akasema "mia moja na kumi na nane" kwa sauti ya chini, akaenda kwa aliyefuata.

Waliokubali walikuwa mia mbili na hamsini na tisa. Arobaini na mmoja hawakunyanyua mikono, Kingu Makala akiwemo. Hakuna kilichoamuliwa kuhusu wao, kwa sababu hakukuwa na chakula cha tatu.

*

Kuanzia wiki ile Ungo ulifanya kazi kwa miendo miwili, mchana wa taratibu na jioni wa kasi. Magunia ya unga safi yalishonwa kwa uzi mwekundu, yale mengine kwa uzi wa bluu. Eliwaza aliandika hati mpya kwa ajili ya uzi wa bluu. Haikusema kwamba unga hauna kitu kigeni. Ilisema una nini, kwa kiasi gani, kimetokana na nini, na kwamba madhara yake hayajulikani. Alisaini chini ya maneno hayo kila siku kwa miezi minne na siku sita. Mughwai alisaini pembeni, ingawa hakulazimika.

Eliwaza mwenyewe, kwa umri wake, alikula uzi wa bluu. Wafanyakazi wa kituo walikuwa na akiba yao ya mchele, na wenzake walimwambia hana sababu. Hakubishana nao. Aliuchukua ugali wake, akala pamoja nao mezani.

Katika miezi hiyo minne, katika wilaya zile nne, hakufa mtu kwa njaa. Hesabu hiyo ilikaguliwa baadaye na watu waliokuja wakitaka kuthibitisha kinyume chake, na walikubali kwamba ni ya kweli. Watu hao hao waliandika kwamba hakuna sheria inayomruhusu mtaalamu kuwapa watu chakula anachojua kina kitu asichokijua, hata wakikubali, na kwamba kura ya mikono katika banda la kiwanda si ridhaa. Mughwai alistaafishwa. Eliwaza aliondolewa ukuu wa chumba, lakini hakufukuzwa. Molekuli ile ilihitaji kufuatiliwa, na hakukuwa na mwingine aliyeweza kuitambua kwenye tone la damu.

Hiyo ikawa kazi yake. Mara mbili kwa mwaka alizunguka vijijini na sanduku la baridi, akichukua damu za watu elfu nne waliokula uzi wa bluu na elfu mbili waliokula uzi mwekundu. Alirudi nazo ndani ya mwamba na kuzipiga mwanga, safari hii kutazama tu. Molekuli ya kulia, kama alivyoiita kwenye daftari, ilikuwa na saini yake: elektroni zake zilipogutushwa ziliyumba mara tatu kabla ya kutulia, wakati vitu vingine vyote kwenye damu viliyumba mara moja au mbili. Ilitosha kuona hivyo ili kujua imo.

Kwa miaka saba hakuona chochote cha kutisha. Wazee walizoea kuja kwake, wakimtania kwamba amewageuza visima. Nzitu Shango alikufa katika mwaka wa tatu, kwa kuanguka bafuni, na ini lake lilipochunguzwa lilikuwa zima. Eliwaza alianza kuandika ripoti ambayo sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba molekuli ya kulia haina madhara.

Mwaka wa nane alikutana na damu ambayo molekuli ile haikupungua kama ilivyopungua kwa wengine, bali iliongezeka, kana kwamba ilikuwa imehifadhiwa mahali fulani na sasa inaachiliwa. Hospitali ikathibitisha kovu kwenye ini, na ndani ya kovu uvimbe. Mgonjwa alikuwa Kingu Makala. Mwaka huohuo wakapatikana wengine kumi na wawili. Kufikia mwaka wa tisa idadi ilikuwa imetulia kwenye kiwango cha mtu mmoja katika kila hamsini.

Alikwenda kumwona Kingu. Mke wake alimkaribisha sebuleni, akampa maji, akaingia chumbani, akatoka. Alisema mume wake amesema hana ubaya naye lakini hataki kumwona. Mtoto aliyekuwa na miezi mitano siku ya kikao sasa alikuwa darasa la tatu, na alikuwa mezani akifanya hesabu za kugawanya. Eliwaza aliyanywa maji, akashukuru, akaondoka. Kingu alifariki kabla ya mavuno.

*

Sampuli ya baba yake ilikuwa na namba, kama za wote, na Eliwaza alikuwa amejizuia kwa miaka tisa asiikariri namba hiyo. Hakufanikiwa. Siku ilipotokea kwenye kioo aliiona ikiyumba mara tatu, na kiasi chake kilikuwa mara sita ya kile cha mwaka uliopita. Yake mwenyewe, aliyoipima mara baada ya hiyo, ilikuwa tupu.

Alikwenda Ilongamawe Jumamosi iliyofuata. Anaeli Kitundu alikuwa na miaka sabini na minane. Alikuwa uani, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akifungua pampu ya jirani iliyoacha kuvuta maji, na sehemu zake alikuwa amezipanga juu ya gunia kwa mpangilio alioutoa. Eliwaza aliketi kwenye kigoda karibu naye, akamwambia. Alimweleza kila kitu, kiasi, maana yake, na kile ambacho hospitali ingeweza kufanya, ambacho hakikuwa kingi.

Baba yake alisikiliza huku akifuta vali kwa kitambaa. Eliwaza alipomaliza, mzee aliuliza jambo moja. Aliuliza kuhusu watoto wa uzi mwekundu.

"Hawana kitu, baba. Wote elfu mbili."

Akatikisa kichwa kukubali. Akachukua vali nyingine.

Eliwaza akasema kwamba angalau siku ile waliamua wakijua wanachokiamua. Alilisema kwa sababu ndilo alilojiambia kwa miaka tisa, na ndilo alilowaambia wakaguzi, na aliamini.

Baba yake aliweka kitambaa chini.

"Mimi sikuelewa ulichosema siku ile," alisema. "Habari za kushoto na kulia. Niliyekaa naye pia hakuelewa. Tulipotoka nje tuliulizana, na kundi zima hapakuwa na aliyeweza kumweleza mwenzake."

Eliwaza alimwangalia. "Sasa mlinyanyulia nini mikono?"

"Walikuuliza, ukasema hujui. Hilo tulilielewa." Aliinua vali juu, akachungulia mwanga kupitia tundu lake. "Mtu aliyesoma kiasi kile kusimama mbele ya watu akasema hajui, tulijua jambo ni zito. Na yule mama akasema watoto kwanza. Hilo nalo tulilielewa. Mengine tulikuachia wewe."

Alirudisha vali mahali pake juu ya gunia, akamwomba amshikie bomba ili akaze nati. Eliwaza alishika. Nati ilikuwa na kutu, haikukaza haraka, na mikono ya mzee ilikuwa imeanza kukosa nguvu. Walifanya kazi hiyo hadi jua likawa kali, kisha wakaipeleka pampu kwa mwenyewe.

Jumatatu alirudi ndani ya mwamba. Alifungua ripoti, akaenda kwenye ukurasa uliohusu ridhaa. Palikuwa pameandikwa kwamba wajumbe mia mbili na hamsini na tisa waliridhia baada ya kuelezwa. Akafuta neno "kuelezwa", akaandika chini yake kile ambacho baba yake alimwambia, kwa maneno yaleyale, pamoja na jina la mzee. Alipakia sanduku la baridi kwenye gari, na juu ya sanduku akaweka daftari jipya. Wajumbe waliokuwa bado hai walikuwa mia moja na themanini na wawili. Alianza na kijiji cha karibu, kuwauliza mmoja mmoja walielewa nini.